Homa iliisha zamani, vidole bado havikunji: tatizo la shangazi siyo kinga ndogo

Shangazi yangu anakaa Nkuhungu hapa Dodoma, na kwa miezi minane hakuweza kusonga ugali. Sisemi ule wa msibani wa sufuria kubwa, nasema ugali wa watu watatu, mwiko ulikuwa unamshinda kwasababu vidole havikunji na akikaza kiganja maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Asubuhi ndo hali inakuwa mbaya zaidi, anaamka anakaa kitandani kama nusu saa anaminyaminya mikono ndo aweze kushika hata kikombe cha chai. Na yote hayo yalianza na homa ya siku tano tu, alirudi nayo kutoka harusini Dar, homa kali, kichwa, vipele kifuani, alafu viungo vikakaza vyote kwa mpigo. Alienda zahanati moja akapimwa malaria, majibu yakasoma hana, akapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Homa ikaisha siku ya tano kama ambavyo ingeisha hata kwa maji na kupumzika, na sisi wote tukajua dawa imefanya kazi.

Kilichonisukuma kuandika ni yaliyofuata. Watu wakaanza kuja na ushauri. Mmoja kaleta unga wa mlonge, mwingine kasema ni damu chafu inabidi isafishwe, mwingine kaleta chupa ya elfu thelathini na tano imeandikwa inaongeza kinga ya mwili, na shangazi akainunua, tena mara tatu. Siku moja nimefika pale, nimemwamkia, kaitikia marahaba mwanangu, alafu kabla sijakaa kaniuliza, "Hivi wewe unayeshinda maabara na damu za watu, niambie ukweli, kinga yangu ndo imeisha kabisa?"

Nilimjibu siku ileile kwa kifupi, ila nimeona jibu lile ni la watu wengi, kwahiyo nalinyoosha hapa. Kinga yake haijaisha hata kidogo. Ipo, na ipo kwa wingi, shida ni kwamba imejikusanya kwenye viungo vya mikono yake muda ambao ilitakiwa iwe imeshatawanyika. Na mtu akishalielewa hilo ataona kwanini neno "kuongeza kinga" kwa mgonjwa wa aina hii halina maana yoyote, linamaliza hela na linamchelewesha kupata msaada wenyewe.

Baadaye sana daktari mmoja wa mifupa ndo akamuuliza swali ambalo wote hatukuuliza, kabla ya ile homa ulikuwa umesafiri wapi? Kipimo cha kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili unazitengeneza dhidi ya kijidudu fulani, kikaonyesha chikungunya, ugonjwa wa kirusi kinacholetwa na mbu.

Sasa hili jina lenyewe ni la kwetu, na mi huwa linanigusa. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa kwenye uwanda wa juu wa Makonde, huko Newala na jirani zake, watu wanashikwa na homa ya ghafla alafu viungo vinawakunja mpaka mtu anatembea kajipinda. Wamakonde wakauita kwa lugha yao, neno lenye maana ya kile kinachokunja. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliuandika, ripoti zao zikatoka 1955, na kirusi chenyewe kilikuwa kimeshapatikana kwenye damu ya mgonjwa mwaka 1953. Kwahiyo dunia nzima, Wabrazili, Wahindi, Wafaransa wa kisiwa cha Réunion, wanautaja ugonjwa kwa Kimakonde, na sisi wenyewe zahanati zetu nyingi hazina hata kipimo chake.

Kuna kitu kingine kuhusu Newala ambacho mtu wa Dodoma anatakiwa akisikie. Kule juu ya uwanda maji ni shida, watu walikuwa wanayafuata mbali na kuyahifadhi majumbani kwenye vyombo, na mbu anayebeba kirusi hiki, Aedes aegypti, anapenda maji ya namna hiyohiyo, masafi, yaliyotulia, karibu na mtu. Sasa angalia mtaani kwetu. Mvua zinaanza Desemba zikifika Aprili zimekata, maji ya bomba yanakuja kwa zamu, kila nyumba ina simtank, mapipa mawili matatu na ndoo kumi za mfuniko na zisizo na mfuniko. Mayai ya Aedes yanavumilia ukavu miezi kadhaa yakiwa yamegandia ukingoni mwa pipa, maji yakirudi yanaanguliwa. Ukame wetu haumuui. Na huyu anauma mchana, asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, kwahiyo chandarua cha usiku ambacho tumefundishwa tangu shule ya msingi hakimgusi.

Turudi kwenye mwili. Kinga tuliyonayo ipo ya aina mbili kwa ujumla, ile tunayozaliwa nayo ambayo haijali adui ni nani inapiga tu, na ile inayojifunza, inayotengeneza kingamwili maalum za kirusi fulani na kukumbuka. Watu wengi wakisema kinga wanaifikiria hii ya pili, ya chanjo. Kwenye chikungunya hadithi kubwa ni ya ile ya kwanza, na inaanza palepale mbu anapochoma.

Mbu akichoma hadungi kirusi peke yake, anadunga na mate yake. Mate yale yanachokoza ngozi, seli nyeupe zinazoitwa nyutrofili zinakimbilia pale, na zikifika zinaita wenzao, yaani monosaiti. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwa panya wa maabara kwamba ule mkusanyiko wenyewe ndo unakipa kirusi faida, kwasababu seli zilizoitwa kuja kulinda zinakuwa ni seli mpya za kuambukizwa, na pale watafiti walipozuia nyutrofili zisifike, kirusi kilipata shida kuenea. Majaribio yale yalifanywa na virusi wengine wa mbu, mmoja wao jamaa wa karibu wa chikungunya, ila somo ni lilelile na mi naona watu wa kuuza dawa za kinga wangelisoma kabla hawajachapisha lebo. Kuwepo kwa askari wengi mahali siyo lazima iwe ushindi.

Kirusi kikishaingia kwenye seli za ngozi, hasa zile zinazotengeneza nyuzi za kushikilia ngozi, ndani ya seli kuna vitambuzi vinavyonusa RNA ya kigeni, yaani maelekezo ya urithi ya kirusi, vimoja vinaitwa RIG-I, vingine MDA5. Vikinusa, seli inatoa intaferoni, hii ni protini ya tahadhari, iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Intaferoni ikitoka inaenda kwa seli za jirani inaziambia zifunge milango, na nyingi zinafunga kweli. Panya aliyezaliwa bila uwezo wa kuisikia intaferoni akiambukizwa chikungunya anakufa ndani ya siku chache, wakati panya wa kawaida mkubwa anapona. Kwahiyo hizi siku tatu nne za mwanzo ndo kinga ya kuzaliwa inapofanya kazi yake ya maana kuliko zote.

Ila kirusi nacho kina akili. Kina protini inaitwa nsP2, inaingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuvunja mtambo unaosoma jeni, kwahiyo seli inataka kupiga kelele ila haina tena namna ya kutengeneza ujumbe. Kwenye ule muda kinajizalisha kwa kasi ya kutisha, damu ya mgonjwa inaweza kufika virusi bilioni moja kwa mililita moja. Bilioni moja! Ndo maana mbu mwingine akikuuma wiki ile ni rahisi aondoke nacho.

Kufikia kama wiki moja kirusi kinakuwa hakipatikani tena kwenye damu. Intaferoni zimefanya yake, kingamwili zimeanza kuja, homa imeshuka. Hapa wengi wanapona na wanasahau. Lakini sehemu kubwa ya wagonjwa, makadirio mengi yanazunguka theluthi moja na wengine wanasema zaidi, maumivu ya viungo yanavuka miezi mitatu, na hapo ndo inaitwa chikungunya sugu. Wengine inafika mwaka, wengine miaka. Réunion walipopigwa 2005 na 2006 waliugua watu kama 266,000, karibu theluthi ya watu wa kisiwa, na Lamu hapo jirani mwaka 2004 ilikadiriwa robo tatu ya mji waliambukizwa. Ukipiga hesabu ya wanaobaki na viungo vibovu kwenye idadi kama hizo utaelewa hili siyo jambo la shangazi peke yake.

Nini kinatokea kwenye kiungo? Kiungo cha kidole kimezungukwa na utando laini unaotoa majimaji ya kulainisha. Kwenye utando ule kuna makrofeji, hizi ni seli kubwa zinazomeza uchafu, zinameza vijidudu, zinameza seli zilizokufa, na kwa kawaida zipo pale zinafanya usafi kimyakimya. Kirusi kikifika kwenye kiungo, seli za pale zinatoa ishara moja inaitwa MCP-1, kazi yake ni kuita monosaiti kutoka kwenye damu. Monosaiti zinaingia, zikishaingia zinageuka makrofeji, na hizi mpya hazina utulivu wa zile za zamani. Zinamwaga kemikali za kuchochea uvimbe kama IL-6 na TNF, zinavimbisha, zinaita wenzao zaidi. Juu ya hapo ishara hizohizo zinaamsha seli zinazokula mfupa. Unajua mfupa unajengwa na kubomolewa kila siku, kuna seli za kujenga na kuna za kubomoa, na za kubomoa zenyewe ni ndugu wa makrofeji, zinatoka ukoo mmoja. Ndo maana kiungo chenye chikungunya ya muda mrefu kinaweza kufanana na kile cha baridi yabisi, mpaka madaktari wanaweza kuchanganya.

Mtu akisikia hivyo anasema basi sawa, tatizo ni monosaiti, tuzizuie. Na hapa ndo pananivutia kuliko sehemu yoyote ya hii hadithi kwasababu panakukatalia jibu rahisi. Watafiti wa Australia mwaka 2014 walichukua panya wasiokuwa na CCR2, yaani mlango wa monosaiti wa kupokelea ile ishara ya MCP-1, wakawaambukiza chikungunya. Walitegemea kiungo kivimbe kidogo. Kilichotokea ni kwamba monosaiti kweli zilipungua ila nafasi yao ikachukuliwa na nyutrofili, nyingi, na nyutrofili hazina ustaarabu, zikimwaga sumu zao zinachoma kila kilichopo karibu, uvimbe ukawa mkubwa na ukachukua muda mrefu na gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, ikaharibika. Yaani zile monosaiti tulizokuwa tunazilaumu zilikuwa pia ndo zinazofanya kazi ya kutuliza na kusafisha mwishoni. Alafu kuna upande wa pili, dawa ya majaribio inaitwa bindarit, hii haifungi mlango, inapunguza tu ile ishara ya MCP-1, na kwa panya ilipunguza uvimbe na ikalinda mfupa usiliwe.

Ukiyaweka haya mawili pamoja, kuondoa kabisa kumeharibu na kupunguza kumesaidia. Seli ileile inavimbisha wiki ya kwanza na inatibu wiki ya tatu, kutegemea imeambiwa nini na ipo na nani. Kwahiyo swali la kinga ni swali la muda na mahali. Hakuna mizani unayoweza kuiweka pale useme shangazi ana kinga kilo mbili tumuongezee ya tatu.

Swali linalofuata ndo gumu, na wanasayansi wenyewe wamegawanyika: kwanini makrofeji zisitulie wakati kirusi kimeondoka? Au hakijaondoka? Mwaka 2010 watafiti wa Réunion walichapisha habari ya mgonjwa aliyekuwa amefikisha miezi 18 tangu augue, walikata kipande kidogo cha utando wa kiungo chake wakakuta ndani ya makrofeji kuna RNA na protini za kirusi. Mwaka huohuo kwenye nyani aina ya makaki ilionekana kirusi kikidumu kwenye makrofeji za wengu na tezi kwa miezi, baada ya damu kuwa safi. Wengi wakasema kesi imekwisha, kirusi kinajificha ndani ya haohao walinzi. Alafu mwaka 2018 ikaja kazi kutoka Colombia, wagonjwa 38 wenye maumivu sugu, kwa wastani wa miezi 22 tangu waugue, wakatolewa majimaji ya kiungo, yakapimwa kwa kila njia, hakuna kirusi hata kwa mmoja.

Mi msimamo wangu ni kwamba zote mbili ni kweli na hazipingani kama watu wanavyozigombanisha. Majimaji siyo utando. Ukipima maji ya kisima ukakuta hamna chura haimaanishi hakuna chura kwenye kuta. Tena mwaka 2019 huko Marekani walitumia kirusi kilichotengenezwa kiwe kinaacha alama ya kudumu kwenye kila seli kilichoigusa, wakakuta panya aliyepona bado ana seli za ngozi na za misuli zilizowahi kuambukizwa zikanusurika, na RNA ya kirusi ilikuwa imejaa kwenye hizo. Haitoi kirusi kizima cha kuambukiza mtu, ila mabaki ya RNA yanatosha kuvinusisha vile vitambuzi nilivyovitaja juu, RIG-I na wenzake, na seli ikinusa inaita. Kwa mtazamo wangu hapo ndo penye nguvu zaidi: makrofeji za shangazi hazina wazimu, zinaitikia kitu ambacho bado kinatoa harufu. Anayesema ugonjwa huu ni mwili kujishambulia wenyewe bila sababu anaruka hatua.

Seli za NK nazo nizitaje, wauaji wa asili, hizi zinaua seli iliyoambukizwa bila kusubiri mafunzo. Kwenye mlipuko wa Gabon wagonjwa waliochunguzwa walikuwa na kundi moja la NK lililoongezeka sana siku za mwanzo, lenye alama ya NKG2C, ishara kwamba hata kinga ya kuzaliwa inaweza kuchagua na kuzalisha aina fulani kwa kazi fulani. Nzuri hiyo. Ila kwa panya hizohizo NK zikizidi mapema zinachangia mguu kuvimba. Wimbo uleule.

Mtu wa Dodoma anaweza kuniambia, wewe mbona unahangaika na chikungunya wakati sisi tunaijua homa ya Bonde la Ufa. Na ni kweli, wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Chamwino waliokuwepo 2007 hawajasahau, Dodoma ndo uliongoza kwa wagonjwa kuliko mikoa mingine yote ya Tanzania, ng'ombe wanatupa mimba, nyama haiuziki, buchani hakuna mtu, na watu walikufa. Ukizilinganisha hizi mbili ndo unaona vizuri ninachosema. Kirusi cha Bonde la Ufa kina protini inaitwa NSs, kazi yake ni kukata kengele kabisa, intaferoni isitoke. Kikifanikiwa kinafika kwenye ini kabla walinzi hawajaamka na kwa wachache mtu anavuja damu anakufa. Kirusi hichohicho kikipungukiwa NSs kinakuwa mpole mpaka kinatumika kama chanjo ya mifugo, inaitwa Clone 13. Kwahiyo kule madhara yanatoka kwenye kengele iliyochelewa, na kwenye viungo vya shangazi yanatoka kwenye kengele iliyogoma kuzimwa. Na dengue iliyopiga Dar 2014 na tena 2019 ina yake ya tatu: kingamwili za dengue ya kwanza zikikutana na aina nyingine ya dengue mara ya pili zinaweza kukishika kirusi nusunusu na kukipeleka moja kwa moja ndani ya monosaiti, na ugonjwa unakuwa mkali zaidi kwa mtu ambaye kwa maneno ya mtaani "ana kinga tayari".

Halafu kuna mbu mwenyewe. Huyu sijawahi kusikia mtu anamuongelea kwenye habari ya kinga na naona ni kosa, kwasababu Aedes akishaambukizwa anakaa na kirusi maisha yake yote, hizo wiki chache anazoishi, na haumwi. Hana kingamwili hata moja. Ana kinga ya kuzaliwa tu, seli za kwenye damu yake na mfumo mmoja wa kukatakata RNA ya kirusi vipandevipande kila inapozalishwa. Haukimalizi kirusi. Unakishusha mpaka kiwango ambacho hakimsumbui na yeye hakisumbui, wanaenda. Mbu amepatana na kirusi na sisi hatujapatana nacho, sisi tunataka kukitoa chote, na gharama ya kukitoa chote tunailipa kwenye viungo.

Sasa zile chupa. Nimeshazisoma lebo zake nyingi, za stendi na za majumbani, na sitaki kumvunjia mtu biashara ila nasema kwa moyo wangu wote, mgonjwa wa viungo vilivyovimba miezi sita baada ya homa hahitaji kitu cha kuamsha kinga. Tuseme kingekuwepo kweli kitu cha kuamsha makrofeji kwenye chupa ya elfu thelathini na tano, kingekuwa kitu cha mwisho kumpa. Na kuna hatari ya upande mwingine ambayo ni kubwa zaidi, watu wanaenda duka la dawa wanaomba vidonge vya viungo wanapewa deksamethasoni au prednisoloni bila cheti, wiki ya kwanza mtu anajiona kapona kabisa anasimulia mtaa mzima, akiacha maumivu yanarudi kwa kasi, anarudia tena, mwaka unaisha uso umevimba, presha na sukari vimepanda. Dawa zile zina mahali pake kwenye mikono ya daktari, kwa muda na kwa dozi, kwasababu zinazima walinzi wote kwa pamoja, hata wale wa kutibu.

Kinachofanyika wiki ya homa ni parasetamoli, maji mengi na kupumzika, na kuziweka kando aspirini na diklofenaki mpaka dengue iwe imekataliwa, maana dengue na dawa hizo zinaweza kukuvujisha damu. Miezi ikizidi mitatu ndo daktari anaingia na dawa za kutuliza uvimbe, mazoezi ya viungo, na kwa baadhi ya wagonjwa wenye viungo vilivyovimba kweli, methotrekseti, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga, kama wanavyofanya kwa baridi yabisi, kwa vipimo vya damu na ini. Shangazi alichosaidika nacho zaidi ni mazoezi ya kukunja vidole kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi na dawa za uvimbe alizopangiwa vizuri. Siyo muujiza, imechukua muda.

Lakini ili mtu afike huko lazima kwanza ajue anaumwa nini, na hapa ndo tunajiangusha. Kuna kazi ilifanyika Moshi, ikachapishwa 2013, ilifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa kwenye hospitali mbili. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Waliokuwa na malaria kweli kama chanzo cha homa walikuwa 14, yaani asilimia 1.6. Na chikungunya, ambayo hata mmoja hakuandikiwa, ilikutwa kwa 55 kati ya 700 waliopimwa. Tena 55 hao ni wa Moshi, mbali na pwani, sehemu ambayo hakuna mtu alikuwa anaisema chikungunya kabisa. Nikisoma namba zile namuona shangazi na karatasi yake iliyosoma hana malaria na dawa ya malaria mkononi.

Mi naamini Dodoma ya sasa haina kisingizio. Tuna chuo kikuu chenye shule ya udaktari, tuna hospitali kubwa yenye maabara ya vipimo vya vinasaba, na mji umefura tangu serikali ihamie, mabasi na treni kutoka Dar yanashusha watu kila siku, na kila nyumba mpya ya Iyumbu au Nala inaanza na simtank kabla haijaanza na dari. Damu ya mtu wa homa siku ya tatu, akiwa hana malaria, ikiwekwa pembeni mililita mbili kwenye friza, inatosha kumwambia mgonjwa baada ya miezi minane kwamba hajalogwa na hajaishiwa kinga. Inatosha pia kujua nani alikuwa na intaferoni nyingi mapema, nani alipata kingamwili haraka, na nani kati yao ndo amebaki na vidole vya kukakamaa, kwa watu wa huku, wenye malaria za utotoni na minyoo na lishe ya huku, siyo wa Réunion wala Colombia.

Na kuna kitu kidogo zaidi. Shangazi mwezi wa tano alivimba goti la kulia, akatolewa maji kwa sindano, kama kikombe kidogo cha kahawa, ya njano yenye ukungu. Nilikuwepo. Nesi alimfuta, akamfunga bandeji vizuri, akamwambia pole mama, kisha yale maji akayamwaga kwenye ndoo ya taka. Ndani ya maji yale kulikuwa na makrofeji kwa maelfu, zimetoka palepale pagumu ambapo Réunion wanasema kirusi kipo na Colombia wanasema hakipo. Wiki hiyo kwenye chumba kile walitolewa maji ya magoti watu wengine wanne.